Vibao vya kila siku au nyimbo zilizosahaulika? Ugomvi wa mashabiki, kutoka hevi metali hadi Bagika na Bagalu

Kuna ugomvi mmoja wa mashabiki wa muziki ambao hauishi. Bendi inapanda jukwaani. Ina saa mbili za kupiga, na kwenye kabati lake ina nyimbo mia na zaidi. Ipige zipi? Zile ambazo ukumbi mzima unazijua kuanzia neno la kwanza, au zile ambazo hazijasikika kwa miaka ishirini na wanaozijua ni watu kumi na wawili tu waliosimama karibu na spika?

Wapenzi wa hevi metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma na ngoma zinazoshuka kama mvua ya mawe juu ya bati, wamebishana juu ya jambo hili kwa miongo kadhaa. Nina rafiki yangu, fundi wa mitambo huko Geita, ambaye ameupenda muziki huo tangu yuko sekondari. Ukitaka kuharibu chakula cha jioni naye, mwambie tu kwamba bendi ifanye inachotakiwa kufanya: ipige vibao vyake maarufu, watu wafurahi, kila mtu akalale. Hapo utapewa mhadhara mpaka ugali upoe.

Watu wengi tunaonana naye tukimcheka. Tunaona ni mambo ya wazungu wenye nywele ndefu. Mimi nasema hapana. Ugomvi huu ulikuwepo Usukuma kabla gitaa halijafika, na kwetu una uzito kuliko kwao. Nifuate taratibu nikueleze kwa nini.

Kwanza tuwasikilize hao wa metali, maana wana hoja. Mwaka 2006 bendi ya Iron Maiden ya Uingereza ilitoa albamu iitwayo A Matter of Life and Death, kisha ikaingia barabarani na kuipiga yote jukwaani, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nyimbo kumi mpya mfululizo! Vibao vya zamani vikabaki vichache vya kufungia usiku. Wako mashabiki waliosema hii ndiyo bendi iliyo hai, haiishi kwa kumbukumbu. Wako waliosema tumelipa nauli, tumelipa kiingilio, halafu mnatulisha chakula ambacho hatukuagiza. Miaka miwili baadaye, mwaka 2008, bendi hiyohiyo ikazunguka dunia na ziara ya nyimbo zake za miaka ya 1980. Safari hii walionuna ni wale wa upande wa kwanza.

Metallica ya Marekani ikajaribu njia nyingine. Mwaka 2014 ilifanya ziara ambayo waliokata tiketi walipiga kura kuchagua nyimbo za usiku huo. Demokrasia kamili. Unadhani nini kilitokea? Mji baada ya mji, kura zikarudisha vibao vilevile, kwa mpangilio unaofanana. Wengi wanapoulizwa wanataka nini, wanajibu kwamba wanataka wanachokijua tayari. Lakini katikati ya kura hizo kuna wimbo mmoja uliopenya, The Frayed Ends of Sanity, wa mwaka 1988. Ulikuwa haujawahi kupigwa mzima jukwaani. Ukapigwa Helsinki mwezi Mei 2014, miaka 26 baada ya kurekodiwa. Iron Maiden nao mwaka 2023 wakapiga Alexander the Great, wimbo wa mwaka 1986, kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Miaka 37! Kuna watu wazima walilia siku hiyo kama wamefufuliwa ndugu.

Upande wa vibao nao una ushahidi wake. Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath, wazee walioanzisha muziki huu wote, walipiga onyesho lao la mwisho mjini Birmingham walikozaliwa. Ozzy Osbourne aliimba akiwa ameketi kwenye kiti, na wiki mbili na siku chache baadaye akafariki. Walipiga nyimbo nne tu, na zote nne ni za mwaka 1970, zote ni zile ambazo kila mtu anazijua. Sijasikia mtu mwenye akili timamu aliyelalamika. Mtu anapoaga, unataka kumsikia akisema jina lake, hutaki kumsikia akitafuta msamiati mgumu.

Kwa hiyo hoja ni hizi. Upande mmoja unasema wimbo maarufu ni mali ya umma, na bendi haina haki ya kuwanyima watu mali yao. Upande wa pili unasema bendi inayopiga nyimbo zilezile kila usiku imegeuka santuri iliyovaa suruali. Lakini angalia kitu kimoja. Pande zote mbili zina uhakika kwamba wimbo adimu upo mahali fulani. Uko kwenye albamu. Usipopigwa leo, utaupata dukani, utaupata mtandaoni, utausikiliza hata usiku wa manane. Kinachogombaniwa ni raha ya kuusikia ana kwa ana. Wimbo wenyewe uko salama.

Haya, sasa turudi nyumbani, tuone huku kukoje.

Ukitoka Shinyanga kwenda Mwanza, au ukikata kwenda Kahama mpaka Geita, unapita katika nchi ambayo mashindano ya ngoma yamekuwa kama ligi ya mpira kwa zaidi ya karne. Simulizi za Wasukuma zinasema kwamba katika karne ya 19 walikuwepo waganga wawili waliokuwa pia wachezaji hodari, Ngika na Gumha. Kila mmoja alijigamba kwamba dawa yake ya kuvuta watu ni kali kuliko ya mwenzake. Wakashindana kwa ngoma. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wafuasi wa Gumha wakawa Bagalu. Makundi haya mawili yakaenea Usukuma nzima, na mpaka leo ukimuuliza mzee wa Maswa au wa Kwimba yuko upande gani, hakuulizi upande wa nini.

Mashindano yenyewe hufanyika kiangazi, baada ya mavuno, watu wakiwa na chakula ghalani na fedha kidogo ya pamba mfukoni. Sasa sikiliza namna wanavyoshindana, maana hapa ndipo penye uhondo. Makundi hayapokezani zamu kama kwenye matamasha ya siku hizi. Yanapiga kwa wakati mmoja, katika uwanja uleule, yakiwa yameachana hatua kadhaa. Watazamaji wako huru. Anayevutiwa na hawa anakwenda kwa hawa, akichoka anahamia kwa wale. Jioni anayeonekana na umati mkubwa ndiye mshindi. Metallica walihitaji kompyuta na tiketi kupata kura za mashabiki. Bagika na Bagalu walikuwa wanapigiwa kura kwa miguu, kila dakika, hadharani.

Ndiyo maana watu walitumia kila mbinu. Bagalu wana bugobogobo, ile ngoma ya majembe iliyotokana na kulima kwa pamoja, majembe yanarushwa juu na kudakwa kama si chuma. Bayeye wanacheza na nyoka, na ukiona chatu amepanda shingoni mwa mtu, miguu yako inasogea yenyewe kwenda kuona. Lakini silaha kubwa ilikuwa wimbo. Kiongozi wa kundi ni manju, Wasukuma wanamwita ningi, na kazi yake ni kutunga. Manju aliyekuja na nyimbo za mwaka jana alikuwa amejichimbia kaburi. Watu walitaka kusikia jambo la mwaka huu: njaa, bei ya pamba, mtemi aliyekula kodi, mpinzani aliyetorokwa na mke. Wimbo mpya ndio uliovuta umati.

Kwa hiyo katika uwanja wa ngoma za Usukuma shinikizo la mashabiki lilielekea upande ambao ni kinyume kabisa na ule wa mashabiki wa metali. Mashabiki wa metali walio wengi wanaivuta bendi irudi nyuma. Umati wa Wasukuma ulimsukuma manju aende mbele. Unaweza kusema basi hao ndio waliokuwa na tatizo dogo, hawakuwa na mazoea ya kuganda. Lakini jiulize upande wa pili wa jambo hilo. Nyimbo za mwaka jana zilikwenda wapi?

Nyingi zilikufa. Zilizobaki zilibaki kwa sababu ya kazi. Wimbo wa kulima ulibaki kwa kuwa watu waliendelea kulima. Wimbo wa kuwinda nungunungu ulibaki kadiri wawindaji wa nungunungu walivyobaki. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri katika karne ya 19, wakibeba pembe za ndovu na mizigo kutoka bara mpaka Bagamoyo, na safari hiyo ya miezi ilikuwa na nyimbo zake. Kisha reli ya kati ikafika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1928 tawi lake likapita Shinyanga na kuishia Mwanza. Upagazi ukafa. Hakuna aliyepiga marufuku nyimbo za wapagazi, zilikosa tu mtu wa kuzibeba. Mmarekani mmoja mtafiti wa muziki, Frank Gunderson, alizunguka Usukuma akikusanya nyimbo za kazi kutoka vichwani mwa wazee, na mwaka 2010 akachapisha kitabu kinene chenye nyimbo zaidi ya 300. Mkanada Padri David Clement, kuanzia miaka ya 1950, alifanya kazi ya namna hiyo pale Bujora, Kisesa, palipo na makumbusho ya Wasukuma na sikukuu ya Bulabo kila mwezi Juni, ambako Bagika na Bagalu bado wanakutana. Nawashukuru wote wawili. Lakini nyimbo mia tatu kwa kabila kubwa kuliko yote Tanzania, lenye manju kila kijiji, kila kiangazi, kwa zaidi ya miaka mia, ni kijiko kutoka ziwani.

Sasa lije gitaa.

Kizazi cha baba zetu mashindano yao yalikuwa ya muziki wa dansi. Roho ilikuwa ileile ya Bagika na Bagalu, vyombo ndivyo vilivyobadilika. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na shabiki alijitambulisha kwa mtindo. Western Jazz, iliyoanzishwa Dar es Salaam na vijana waliotoka Jimbo la Magharibi na ikachukua jina la jimbo hilo, ilikuwa na Saboso. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa na Msondo. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa wakongwe, akiwemo Muhiddin Maalim Gurumo, wakaunda Mlimani Park na mtindo wa Sikinde, na tangu hapo nchi ikagawanyika: wewe ni Msondo au Sikinde? Mkitaka Bagika na Bagalu wa Dar es Salaam, ndio hao.

Bendi hizi zilitunga bila kupumzika. Wimbo mpya ulianzia ukumbini. Ulipigwa wiki hadi wiki, watu wakiuchezea, wanamuziki wakibadilisha hapa na pale, na ukikubalika ndipo ulipelekwa kurekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Na hapa, msomaji wangu, ndipo ninapotaka usimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo neno "zilipendwa" lilipopata maana yake.

Katika miaka ya 1970 na 1980 studio ya maana nchini ilikuwa moja, ile ya RTD. Redio yenyewe ilikuwa moja. Mashairi yalipitiwa kwanza na kamati, yakionekana yana kasoro wimbo haurekodiwi. Kiwanda cha kutengeneza santuri hatukuwa nacho, bendi zilizotaka santuri zilikwenda Nairobi. Tabora Jazz walifika huko, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alifika huko. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983, na mlango huo nao ukawa mgumu. Kwa hiyo wimbo ulikuwa na njia moja tu ya uhakika ya kuishi: ufike Dar es Salaam, upite kwenye kamati, uingie kwenye mkanda wa RTD, na mtangazaji aupende.

Rosa wa Western Jazz ulifika. Dada Asha wa Tabora Jazz ulifika. Zuwena wa Marijani Rajabu ulifika. Ulipigwa kwenye vipindi vya salamu, watu wa Shinyanga, Mwadui, Geita na Kahama wakatuma kadi zao, majina yao yakasomwa, wimbo ukachezwa, na ukawa sehemu ya maisha yao. Nyimbo hizo ni nzuri, sina ubishi. Lakini ni nzuri zilizokuwa na nauli.

Na zile zisizokuwa na nauli?

Kanda yetu haikuwa jangwa la muziki. Mwadui almasi zilichimbwa tangu mwaka 1940, alipozigundua Mkanada John Williamson. Geita mgodi wa zamani wa dhahabu ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Palipo na mgodi pana mshahara, na palipo na mshahara, mwisho wa mwezi pana dansi. Miji ya pamba nayo ilikuwa na msimu wake. Mjomba wangu wa Kahama ni zao la enzi hizo. Katikati ya miaka ya 1970 alikuwa mpiga tumba katika bendi ndogo iliyokuwa ikizunguka Kahama, Shinyanga na Nzega kwa lori. Bendi hiyo haikurekodi hata wimbo mmoja.

Nilikwenda kumsalimia mwaka jana, nikamuuliza.

"Mjomba, mlikuwa mnapiga nyimbo zipi?"

"Za Western. Za Tabora Jazz. Za Mbaraka," akasema. "Watu walikuwa wanazitaka hizo, wamezisikia redioni. Usipopiga hizo, chupa zinaruka."

"Na za kwenu?"

"Zetu tulikuwa tunazichomeka katikati, saa saba za usiku, watu wakishakolea. Hapo hata ukipiga kengele ya kanisa wanacheza."

Akacheka, kisha akaanza kuzihesabu kwa vidole. Kwa hesabu yake bendi ilikuwa na nyimbo zake kama arobaini. Nikamwomba aniimbie. Aliweza kumi na moja mwanzo hadi mwisho. Nyingine kumi hivi alikumbuka kiitikio tu. Zilizobaki alikumbuka jina, au aliyezitunga, au siku moja zilipopigwa ugomvi ukatokea pale Isaka. Mtunzi alishafariki. Mpiga solo alishafariki. Mjomba ana miaka 76 na wa bendi nzima waliobaki ni wawili, mwingine hasikii vizuri.

"Unaona, mpwa wangu," akaniambia, "redio ilituletea nyimbo nzuri sana. Lakini ilituachia saa saba za usiku."

Nimekuwa nikiyatafakari maneno hayo tangu siku hiyo. Maana yake ni kwamba ugomvi wa vibao na nyimbo adimu ulikuwa ukumbini Kahama mwaka 1975, na walioshinda ni vibao, na hakuna aliyegundua kwamba kushindwa kwa zile nyingine kulikuwa ni kufa. Rafiki yangu wa Geita akinyimwa wimbo wake adimu anarudi nyumbani kuusikiliza. Nyimbo za mjomba hazikuwa na nyumbani kwingine. Usiku ule ndio uliokuwa albamu yake.

Sitaki uondoke hapa ukidhani namlaumu shabiki wa mwaka 1975. Mtu aliyechimba au kuchambua pamba mwezi mzima ana haki ya kusikia Dada Asha. Wimbo anaoujua unampa kitu ambacho wimbo mgeni hauwezi: unampa nafasi ya kuimba na watu asiowajua. Hilo si dogo. Nenda leo Katoro au Kakola au Runzewe, miji iliyojaa wachimbaji wadogo kutoka kila mkoa, uone kibao cha zamani kinapogusa spika. Mmanyema, Mha, Msukuma, Mjita, wote mdomo mmoja. Anayewadharau watu hao kwa sababu hawajui nyimbo adimu ana ugonjwa wa majivuno, na mashabiki wa metali wenye ugonjwa huo nawajua pia.

Ninachosema ni kwamba kwetu sisi neno "zilipendwa" lina uongo kidogo ndani yake. Linasema nyimbo hizi zilipendwa, kana kwamba nchi nzima ilikaa ikachagua. Ukweli ni kwamba zilirekodiwa. Kuna zilizopendwa sana Shinyanga ambazo hazimo kwenye kipindi chochote cha zilipendwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwasha mashine mbele yake. Na hata zile zilizorekodiwa, nyingi zililala kwenye mikanda ya RTD kwa miongo, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010 kundi la vijana wa Tanzania Heritage Project lilipoanza kupiga kelele kwamba mikanda hiyo inahitaji kuokolewa. Wakati huo redio binafsi zilizoruhusiwa tangu mwaka 1993 zilikuwa zimeshaizoesha nchi orodha fupi, nyimbo labda mia moja, zinazorudi kila Jumapili. Orodha hiyo ikawazunguka wanamuziki wenyewe. Bendi kongwe zikipanda jukwaani watu wanadai za mwaka 1980, wimbo mpya ukianza wanakwenda kununua nyama choma. Gurumo alitangaza kustaafu mwaka 2013 baada ya miaka zaidi ya hamsini ya muziki, akafariki Aprili 2014. Alikuwa mtunzi mpaka mwisho. Lakini muulize kijana yeyote amtajie nyimbo za Gurumo, atakutajia zilezile.

Wakati huohuo, angalia kinachotokea kwa ndugu zao wa ngoma. Manju wa kisasa wa Kisukuma wanarekodi studio, wanapiga kinanda na gitaa, nyimbo zao zinajazwa kwenye memori kadi katika kila kibanda cha simu kuanzia Maganzo hadi Nyarugusu. Bhudagala anaimba harusini na kwenye mikutano, umati unafuata kama zamani, na wanatunga mpya kila msimu kwa sababu umati wa Kisukuma bado una tabia yake ileile. Hawa wana bahati ambayo mjomba hakuwa nayo: kila wimbo wao, hata ule uliofeli, umebaki kwenye simu ya mtu. Miaka thelathini ijayo mashabiki wao watabishana kama wale wa metali, vibao au adimu, na watabishana kwa raha kwa sababu vyote vitakuwepo.

Kizazi cha katikati ndicho kilichopotea. Kimepita baada ya wimbo kuacha kufungamana na jembe na mzigo, na kabla ya simu kuingia mfukoni. Na bado hakijaisha chote, kwa sababu wako wazee.

Basi nitoe mapendekezo yangu, kila mtu ayapime. La kwanza ni kwa bendi zetu, za mjini na za mikoani. Pigeni vibao, tunavitaka. Lakini kila usiku, wimbo mmoja tu, pigeni ule ambao haujasikika, na msiupige saa saba watu wakishachoka. Upigeni saa nne, mtaje ni wa nani na wa mwaka gani. Walioamua kukaa kwenye nyama choma wakae. Helsinki ulihitajika wimbo mmoja tu kuufanya usiku ule ukumbukwe.

La pili ni kwetu sisi mashabiki. Tukiombwa kuchagua, tusiwe kama wapiga kura wa Metallica wote kwa pamoja. Kama wewe unajua wimbo ambao wenzako hawaujui, uuombe kwa sauti. Huenda kuna mzee ukumbini aliyekuwa anaungoja miaka arobaini na anaona aibu kuuomba peke yake.

La tatu ndilo rahisi kuliko yote, na halihitaji kiingilio. Una mjomba, una baba mkubwa, una bibi aliyekuwa anacheza wigashe au aliyekuwa akienda dansi kila mwisho wa mwezi. Una simu yenye kinasa sauti. Kaa naye. Muulize kilichopigwa redioni, kisha muulize kilichopigwa saa saba za usiku. Mimi nina nyimbo kumi na moja nzima na vipande kumi vya bendi moja ya lori. Nimempelekea rafiki yangu wa Geita, huyo wa magitaa yanayonguruma. Amesikiliza mara mbili, kisha ameniuliza swali ambalo shabiki yeyote wa nyimbo adimu angeuliza: "Nyingine ziko wapi?"

Wawili waliobaki ndio wenye jibu, na kiangazi hiki nakwenda kwa yule wa pili, hata kama itabidi nipige kelele sikioni mwake.